Waliomo Pichani

Kwa miaka minne, kila Alhamisi, Louvenia Capers alifuta vumbi juu ya kitabu ambacho yeye mwenyewe alikuwemo ndani yake, na hakumwambia mwenye nyumba. Siku moja nilimuuliza kwa nini. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini bahari ina chumvi.

"Ningemwambia nini, Sefa? Bibi, huyo uliyemfungia kwenye kabati la kioo ndiye huyu anayekusugulia choo?"

Louvenia ni binti wa shangazi yangu Sabina, kanizidi miaka sita, na tangu utoto tukibishana mimi ndiye ninayeondoka nimenuna. Niliendesha basi la shule hapa Kisiwa cha Pinder miaka thelathini na moja, nikabeba watoto wenye kila aina ya kiburi, lakini hakuna aliyeniweza kama huyu dada yangu.

Alizaliwa mwaka 1945, wakati daraja halijajengwa na kwenda bara ni mpaka maji yajae. Akiwa na miaka kumi na miwili aliingia kiwanda cha chaza. Kazi ilikuwa kusimama mbele ya meza ya saruji tangu alfajiri, chaza mkono wa kushoto, kisu mkono wa kulia, unachokonoa, unatupa ganda, unatia nyama kwenye ndoo. Baridi ya Januari ilimpasua vidole, na makovu yapo mpaka leo. Aliolewa na Amos Capers, kijana mzuri wa sura, aliyekwenda Savannah kutafuta kazi bandarini. Kazi aliipata, sisi ndio hatukumpata tena. Alimwachia mtoto mmoja, Ezra.

Ezra alikufa Februari 1971, ana miaka mitano. Tumbo lilimshika Jumamosi, Jumapili likawa gumu kama ubao, na boti ikasubiri maji. Walipofika katikati ya mlango wa bahari, mji wanauona, mtoto akatulia mapajani mwa mama yake, naye akadhani amepata nafuu. Akamshukuru Mungu kwa sauti, na watu wa botini wakaangalia pembeni. Sijui kama nimewahi kusikia jambo linalouma kuliko shukrani ile, na mimi sikuwapo, nimesimuliwa tu.

Alizikwa Mialonini, kwenye mwinuko unaopakana na kijito cha maji ya chumvi, walikozikwa watu wetu tangu enzi za utumwa. Ardhi ile haikuwa yetu kwa karatasi. Ilikuwa ya familia ya Wazungu wenye shamba. Babu yao alimwambia babu yetu zikeni hapo, nasi tukazika. Nani angekwenda kumdai mwenye shamba hati ya kaburi? Mawe ya kuandika majina hatukuwa na uwezo nayo, wala hatukuona haja. Kwetu marehemu huwekewa juu ya kaburi kitu cha mwisho alichokishika: kikombe, taa, saa ya mezani, mtungi, chupa ya dawa. Tunakivunja kidogo, ili kifo kikatike palepale kisije kuvuta mwingine nyumbani. Kila mtu alimjua wa kwake kwa kitu chake. Ezra aliwekewa kikombe cha bati cha bluu.

Miezi miwili baadaye akaja mpiga picha, Mzungu kijana kutoka kaskazini, jina lake Prescott Vail. Alikaa kwa shangazi Sabina mpaka Juni. Hakujua kula kaa. Alitafuna na magamba mpaka shangazi akamhurumia akawa anambambulia kama mtoto. Lakini alikuwa na adabu, alichota maji bila kuambiwa, na kwenye nyumba ya sala alivua kofia. Aliwapiga picha wanawake wa chaza, wazee wanaofuma nyavu, wasuka vikapu, wapishi wa wali na bamia, na makaburi pia. Mwaka 1973 kitabu cha picha zake kikaja kwa posta, nakala moja tu, kizito kama Biblia ya mimbarini.

Shangazi Sabina hakujua kusoma, lakini kitabu kile hakikumtoka mikononi. Alikuwa anakipakata barazani, anafunua ukurasa mmoja mmoja na kutoa taarifa. "Huyu Tamar, amekufa. Huyu Moses, amekufa, na alikuwa mwongo. Huyu mimi, bado." Mwaka 1979 akakutwa kitini, kitabu mapajani. Cha mwisho kushikwa ndicho hicho, hapakuwa na mjadala. Louvenia akachana jalada kidogo, akakilaza juu ya kaburi la mama yake, na mvua ya wiki ile ikaanza kukila.

Mtu wa kwingine angekirudisha ndani mawingu yalipotanda. Kwetu hapana. Kitu cha kaburini hakiguswi; ukikichukua, mwenyewe anakufuata nyumbani kukidai. Shangazi Sabina nilimjua akiwa hai, nisingetaka anifuate akiwa amekufa. Nilipita pale mara nyingi nikaona kurasa zinavimba, halafu zinaota kuvu, halafu zinakuwa uji. Sikunyoosha mkono. Hakuna aliyenyoosha. Na hatukujua kwamba huko kaskazini ghala la wachapishaji lilikuwa limeungua, na nakala zilizobaki duniani watu walikuwa wanazisaka.

Daraja lilipokuja, matajiri nao wakavuka. Mwaka 2001 kampuni moja ilinunua shamba lote la zamani, ikaweka uzio, ikaweka geti, ikaweka mlinzi. Kuanzia hapo ukitaka kuwazuru wafu wako unaandika jina na namba ya gari. Kiwanda cha chaza kilikuwa kimeshafungwa, na Louvenia, na umri wake ule, akapata kazi ya usafi humo humo ndani ya geti, nyumbani kwa mjane mmoja aitwaye Bi. Thornbury. Ndiko alikokikuta kitabu. Kilikuwa ndani ya kabati la kioo, kimevishwa nailoni. Bi. Thornbury alimwonya siku ya kwanza: afute kioo, na juu ya nailoni kwa kitambaa kikavu, lakini asikifunue, maana uti wa kitabu ukilegea bei inaanguka.

Ikaja Machi 2006. Louvenia alikwenda Mialonini na reki yake, kama afanyavyo kila mwaka kabla ya Pasaka, akakuta udongo mtupu. Tingatinga lilikuwa limepita siku tatu kabla. Mitungi, taa, saa, sahani, makombe, vyote vilikuwa vimezolewa na malori mawili na kupelekwa jalalani bara. Upande wa kijito mchanga ulikuwa umeshamwagwa na kushindiliwa. Alinipigia simu, nikasikia pumzi tu. Nikamwambia, "Dada, sema." Akasema, "Sefa, wamemfagia."

Tulikwenda kwa msimamizi wa kampuni, kijana anaitwa Kessler, mwenye heshima za kufundishwa. Alitukaribisha viti, akaleta maji ya chupa, akafungua ramani.

"Mama, poleni sana. Lakini mpimaji wetu aliandika kwamba hapa palikuwa jalala la zamani. Unaona? Vyombo vilivyovunjika, chupa, saa mbovu."

"Nani huyo aliyetupa saa yake nzuri msituni?" Louvenia akauliza.

"Sijui, mama."

"Mimi najua. Wewe nyumbani kwenu mkizika mnaweka nini?"

"Maua."

"Yakinyauka yanakuwa takataka?"

Kessler akanywa maji yake mwenyewe. Akasema sheria inakataza kujenga juu ya makaburi, na kampuni inaheshimu sheria, ila lazima pawe na ushahidi kwamba makaburi yalikuwepo, na wapi hasa. Louvenia akamwambia kwamba hakuja kudai ardhi wala fidia. "Nina mtoto pale. Nataka mtoto wangu asijengewe juu. Hilo tu ndilo lililonileta."

Kanisa likatutafutia wakili, binti wa Charleston, Odette Ravenel, anayetembea na mafaili kwenye kikapu cha nguo. Alituketisha sote kanisani, wazee kumi na wanne wa familia tofauti, akauliza kila mtu ana nini. Hakuna aliyekuwa na kitu. Cheti cha kifo cha zamani kinataja kisiwa, hakitaji kaburi. Majina tuliyakumbuka kwa kichwa, na kichwa cha mzee mahakamani wanakichezea watakavyo.

"Hata picha moja?" Odette akauliza. "Jamani, hata ya harusi iliyopigwa karibu?"

Mzee Isham akasema, "Binti, kamera yenyewe tuliiona mara moja, ikaondoka na Vail." Watu wakacheka kidogo, halafu wakakumbuka, wakaacha kucheka. Wote tukamgeukia Louvenia, maana yeye ndiye aliyekilaza kitabu kwenye mvua. Hakuna aliyemlaumu, kila mmoja angefanya vilevile. Yeye alikuwa anatazama mikono yake.

"Kipo kingine," akasema. "Alhamisi nakwenda kukifuta vumbi."

Alhamisi hiyo nilimpeleka mwenyewe, na Odette nyuma. Louvenia aliingia kwa mlango wa jikoni, kwa mazoea, akatuacha tumesimama mbele. Nilimsikia kupitia dirishani.

"Bibi, nina ombi. Kitabu kile."

"Kimeanguka?"

"Hapana. Mimi nimo. Ukurasa wa arobaini na saba. Na mwanangu yuko karibu hapo."

Kisha Bi. Thornbury akasema, na sitamsingizia, sauti ilikuwa na huruma, "Louvenia, miaka yote hii? Kwa nini hukusema?"

"Hukuniuliza nimetoka wapi, bibi."

Tukaitwa sebuleni. Bi. Thornbury alivaa glavu nyeupe, akatoa nailoni, akafunua taratibu mpaka arobaini na saba. Louvenia alipotaka kuinama aguse, akamzuia. "Tafadhali, si kwa mikono mitupu. Mafuta ya ngozi yanaharibu karatasi." Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakawaka, maana mikono ile ile ilikuwa pale kwenye karatasi, nyeusi na nyeupe, ya miaka ishirini na sita, na makovu ya chaza yanaonekana. Louvenia alirudisha mikono nyuma, akaifunga mgongoni, akainama hivyohivyo.

Picha ilikuwa pana, imejaza kurasa mbili. Kushoto mwaloni uliopasuka kwa radi, ambao bado upo. Nyuma, kona ya kijito. Katikati watu wetu wamevaa nguo za kanisani, wamesimama baina ya makaburi, na kila kaburi na vitu vyake, unaweza kuhesabu vikombe. Odette alivuta pumzi kama aliyeibuka kutoka majini. "Hii ndiyo," akasema. "Hapa hakuna anayeweza kusema jalala."

Kulia kabisa, mwisho wa picha, alisimama Louvenia kijana, mkono mmoja umeinuliwa, kiganja wazi. Bi. Thornbury akamwonyesha kwa glavu yake. "Huyu nampenda kuliko wote. Siku zote najiuliza anampungia nani."

Niliona uso wa Louvenia umebadilika, nikadhani ni ujana wake uliomkumba. Mjinga mimi.

Bi. Thornbury alikubali kukileta kitabu ofisini kwa kampuni yeye mwenyewe, kwenye sanduku, kwa sharti kwamba asiye na glavu asikiguse. Wiki iliyofuata tukakaa mezani: Kessler na mwanasheria wake, Odette, Louvenia aliyechaguliwa kusema kwa niaba ya familia zote, na mimi kwa kuwa nilikataa kubaki nje. Wazee wengine walikaa kwenye basi la kanisa, madirisha wazi, wanajipepea.

Kessler aliitazama picha muda mrefu, akasema "Mungu wangu" polepole, na nadhani alimaanisha. Alitoka na mwanasheria wake, wakarudi na karatasi. Kampuni ingeweka uzio kuzunguka makaburi yote yanayoonekana pichani, kuanzia mwaloni mpaka pale aliposimama yule mwanamke wa kulia. Familia zingeruhusiwa kuzuru na kuzika daima, bila kuandika jina getini.

"Na kulia kwake?" Louvenia akauliza.

"Kulia kwake hatuna ushahidi, mama. Ndipo maegesho ya magari yanapokuja. Mchanga umeshashindiliwa."

"Mwanangu yuko kulia kwangu. Hatua nne."

Odette akasogea mbele kidogo mezani. "Mama Louvenia, kwa nini mpiga picha aliishia hapo? Nafasi ilikuwepo."

"Kwa sababu nilimkataza." Aliongea akiitazama picha, si sisi. "Kaburi lilikuwa na miezi miwili, udongo haujakaa. Nilimwambia, hawa wakubwa wapige, wamezoea kutazamwa. Mwanangu usimpige. Akasogeza kamera, nikaona bado inamchungulia, nikainua mkono. Nikamwambia ishia hapa. Sikuwa nampungia mtu."

Nimeishi miaka mingi na sijawahi kuona chumba cha watu wazima kinakosa pa kuweka macho kama kile. Odette aliomba ardhi ile ichimbuliwe na kuchunguzwa. Mwanasheria wa kampuni akasema, kwa upole, kwamba hayo ni ya mahakama, na wakienda mahakamani karatasi hii inaondolewa mezani, yote. Tukatoka kwenye korido. Odette alikuwa karibu kulia.

"Tunaweza kushinda tukapata yote," akasema. "Tunaweza pia kukosa hata yaliyomo pichani. Sitakudanganya, jaji wa eneo hili simwamini. Uamuzi ni wako, na ukikataa kusaini mimi niko nawe."

Nilimwambia, "Dada, kataa." Nilimaanisha, na bado nafikiri hivyo siku nyingine, na siku nyingine najua nilikuwa nasema kwa hasira ya mtu ambaye hana wa kupoteza.

Alikwenda dirishani. Chini, kwenye basi, Mzee Isham alikuwa anamsaidia mkewe kunywa maji. Wana watoto wawili Mialonini, mapacha, makaburi yao yote yamo pichani. Mama yake Louvenia alizikwa katikati yao, na bibi yetu, na baba yangu.

"Sefa," akasema, "wale wakiniuliza kwa nini wa kwao wamefukiwa, nitasema nilikuwa nakataa kwa sababu ya wangu?"

"Hawatakuuliza."

"Wataniuliza kwa macho. Kila Jumapili." Akajifuta uso kwa kiganja. "Nilimficha vizuri mno, mdogo wangu. Nimemficha mpaka hata sheria haimwoni."

Akarudi ndani akasaini. Aliandika jina lake taratibu, herufi kwa herufi, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Bi. Thornbury, ambaye alikuwa anafunga kitabu kwenye nailoni, alimsogelea akamwuliza kwa aibu kidogo kama angeweza kutia saini pembeni ya picha pia, kwa kuwa nakala iliyosainiwa na aliyemo ndani inapanda thamani sana. Louvenia akamrudishia kalamu. "Saini yangu imekwisha leo, bibi. Na Alhamisi usinisubiri."

Uzio uliwekwa mwezi wa Juni, mweusi, mzuri, na kibao. Wazee wakaja na vikombe na taa mpya, wakapanga upya kwa kukumbuka. Watu walimshika Louvenia mkono, wakambariki, wengine wakalia begani kwake. Aliwapokea wote. Vikombe vyao vilipokwisha kupangwa, yeye alibaki amesimama kwenye kona ya kulia, mikono mitupu, kwa kuwa huwezi kumwekea mtu kikombe kwenye lami.

Sasa kila Jumapili baada ya ibada namwendesha mpaka pale. Hazuru kwanza ndani ya uzio. Anazunguka kwa nje, anasimama, anahesabu hatua nne. Kwa kawaida nafasi ile ina gari, kwa kuwa iko kivulini. Jumapili ya kwanza alikuwemo mwanamke kijana mwenye nguo za tenisi, anaongea na simu. Louvenia akagonga kioo kwa kucha.

"Dada, samahani. Naomba usogeze gari kidogo."

"Nimeziba njia?"

"Hapana. Umemkalia mwanangu."

Yule mwanamke alimtazama, akanitazama mimi, akatazama uzio, na nadhani alielewa nusu. Akawasha gari akalisogeza. Louvenia akasimama pale penye alama ya mafuta kwa muda wa dakika kumi, hakusali kwa sauti, hakulia. Tulipokuwa tunarudi kwenye gari letu, yule mwanamke alikuwa amesharudi kwenye kivuli.

Jumapili iliyofuata lilikuwepo gari jingine, jeupe. Akagonga kioo.